Jina la Nyumba na Nguvu za Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora akamkabidhi mwili wake uwe amana, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mlioko hapa Kisumu na mlioko pwani ambako wengi wetu tuna asili. Katika darasa zetu za baina ya Magharibi na Isha tumesema mara nyingi juu ya elimu ya watoto, na adabu zao, na ndimi zao. Juu ya miili yao tumesema machache, kana kwamba mwili haumo katika malezi. Na hali mwili ndio usimamao katika sala, ndio ufungao Ramadhani, ndio uzungukao Al-Kaaba. Na Mtume s.a.w. ametufunza kwamba siku ya Kiyama mja ataulizwa mwili wake aliuchakaza katika jambo gani. Kwa hivyo leo twataka kunena juu ya miguu na mikono ya watoto wetu, na juu ya dawa moja ambayo wazazi wengi wanayo ndani ya nyumba wala hawaitumii, nayo ni jina la nyumba yenyewe.

Tazameni mitaa yetu baada ya sala ya Alasiri. Mtoto ametoka shule, amepita chuoni, amerejea nyumbani. Atakaa kibarazani na simu mkononi mpaka Magharibi iadhiniwe. Asubuhi alipelekwa shule kwa bodaboda au kwa tuktuk, mwendo ambao baba yake aliuendea kwa miguu alipokuwa na umri ule ule. Kiwanja alichochezea baba yake kimejengwa maduka. Chakula chake ni viazi vya kukaanga na soda. Akifika miaka kumi na miwili, akipanda ngazi mbili tatu huhema kama mzee, na mama yake humtazama akasema, "Mashaallah, mwanangu amenawiri." Ndugu zetu, unene si siha. Na maradhi ya sukari na ya presha, ambayo zamani tuliyajua kuwa ni ya wazee, siku hizi twayasikia kwa watu ambao ndevu zao bado nyeusi.

Wala msiba huu si wa Kisumu peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 yampasa apate, kwa wastani, dakika 60 kila siku za harakati za kumwendesha moyo na kumtoa jasho. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliokusanya khabari za nchi 146, ulionyesha kwamba katika kila vijana 100 wa miaka 11 mpaka 17 waendao shule, 81 hawakifikii kipimo hicho. Na kwa wasichana ni 85. Basi mwenye mtoto asitarajie kwamba wa kwake amesalimika kwa bahati tu.

Mzazi atasema: Mimi husema kila siku. Humwambia mwanangu atoke nje acheze, humwambia simu itamharibu macho, lakini hasikii. Nasi twamjibu: Ndugu yetu, mtoto amesikia. Amesikia maneno yako, na ameona kitendo chako. Maneno yako yasema "toka ukimbie," na wewe mwenyewe umelala kwenye kochi, simu yako kubwa kuliko yake. Na mara nyingine amesikia neno lililo baya zaidi kuliko kunyamaza. Amewasikia wazee wake wakisema mbele ya wageni, "Sisi hatuna asili ya michezo. Nyumba yetu ni ya kalamu." Au amesikia, "Sisi si watu wa majini." Mtoto hulichukua neno kama hilo akaliweka moyoni, kwani lamwambia yeye ni nani. Akiisha kujua kwamba nyumba yao haikimbii, atakimbia kwa sababu gani?

Nguvu ya jina la nyumba twaiona hapa Kisumu kila siku bila ya kuizingatia. Hapana mtoto aliyefundishwa kwa hotuba kuipenda Gor Mahia. Huzaliwa akakuta baba ni wa Gor, na babu ni wa Gor, na siku ya mchezo nyumba nzima imevaa kijani. Naye huvaa kijani kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Kilabu hiyo iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1987 ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Espérance ya Tunis. Na mtoto wa leo, ambaye baba yake hakuwa amezaliwa siku ile, husimulia ushindi ule kana kwamba alikuwako. Na ndugu zetu wa Mombasa nao wana yao. Ligi ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa mwaka wa pili alikuwa Luo Union ya watu wa Ziwa, na bingwa wa mwaka wa tatu, 1965, alikuwa Feisal ya Mombasa. Wako wazee wanaolitaja jina la Feisal mpaka leo na macho yao yakang'ara.

Lakini tazameni tulipofika. Jina limebaki, jasho limeondoka. Mtoto amerithi kupiga kelele, hakurithi kupiga mpira. Amerithi kukaa mbele ya televisheni saa mbili akiwatazama watu 22 wakifanya yale ambayo yeye na baba yake wangepaswa kuyafanya. Basi ikiwa jina la nyumba laweza kumfanya mtoto avae rangi na alie machozi kwa ajili ya kilabu, jina hilo hilo laweza kumnyanyua akakimbia, lau kama wazee wake wangelielekeza huko.

Na hii si fikra tuliyoizua sisi. Tukiangalia hadithi za Mtume s.a.w. tutaona kwamba yeye alipotaka watu watumie miili yao, mara nyingi aliwaita kwa jina la jamaa yao. Twataja mahali patatu.

Pa kwanza. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Salama bin Al-Akwa', kwamba Mtume s.a.w. alipita penye watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Hakuwaambia kwamba kutupa mishale kwanufaisha kifua au kwaimarisha mkono, ijapokuwa ni kweli. Aliwaita wana wa Ismail, akawahimiza watupe, akawakumbusha kwamba baba yao alikuwa mpiga upinde. Fikirini neno hilo. Baina yao na Nabii Ismail a.s. ilikuwa imepita karne nyingi zisizohesabika, lakini kwa neno moja Mtume s.a.w. alimleta mzee wao akasimama pamoja nao uwanjani. Na huyu Salama aliyeipokea hadithi hii yeye mwenyewe ni wa Aslam. Naye ndiye yule ambaye, katika Sahihi ya Muslim, alilifukuza jeshi la adui kwa miguu siku ya Dhu Qarad, wao wakiwa juu ya farasi, hata Mtume s.a.w. akamtaja kuwa ni mbora wa askari wa miguu. Nyumba iitwayo kwa jina la mpiga upinde hutoa watu kama huyo.

Pa pili. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha r.a., imepokewa kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume s.a.w. akawahimiza waendelee, akawaita wana wa Arfida, yaani kwa jina la jamaa ya Kihabeshi. Hawa walikuwa wageni Madina, rangi yao mbali na lugha yao mbali. Lakini hakuwataka waache jina lao ndipo wapate kucheza. Aliwaita kwa hilo hilo jina lao. Na ndugu zetu wanaomfukuza mtoto na fimbo kwa kuwa amecheza mpira karibu ya ukuta wa msikiti, na waizingatie hadithi hii.

Pa tatu. Imepokewa kwamba jamaa ya Bani Salima, waliokuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume s.a.w., walitaka kuhamia karibu. Yeye akawaita kwa jina lao, akawaambia wabaki katika majumba yao, kwani nyayo zao huandikwa. Lau mmoja wetu angekuwa na jamaa wakaao mbali na msikiti, angewaonea huruma akawatafutia gari. Mtume s.a.w. aliwapa jambo lililo bora kuliko gari: aliwajulisha kwamba wao ni watu wa kwenda kwa miguu, na kwamba hatua zao zina hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Basi hawa ni wana wa Ismail katika mishale, na wana wa Arfida katika mikuki, na Bani Salima katika mwendo. Anayesema kwamba malezi ya mwili si katika dini na arejee katika vitabu akatazame. Bali katika Hija zetu na Umra zetu tunakwenda mara saba baina ya Safa na Marwa, jumla yake ni kiasi cha kilomita tatu, na asili ya mwendo huo ni mama aliyekwenda mbio akimtafutia mwanawe maji. Kila hujaji, awe mfalme au mpagazi, hufuata nyayo za Bibi Hajar. Umma mzima humkumbuka mama wa Ismail kwa miguu yake.

Na hata katika zama zetu, tena katika nchi yetu, mambo haya yaonekana. Noah Wanyama alichezea AFC Leopards. Mwanawe McDonald Mariga akafika Inter Milan, iliyochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Mwanawe mwingine, Victor Wanyama, akachezea Celtic, na mwaka 2012 akaifunga Barcelona. Na dada yao Mercy akawa mchezaji wa mpira wa kikapu. Hekima twaichukua popote tuionapo, na hekima iliyo hapa ni kwamba katika nyumba ambayo baba ametangulia, watoto hawahitaji kusukumwa.

Sasa tujibu wanaotupinga, nao ni wa makundi mawili.

Kundi la kwanza husema: Mchezo ni upuuzi, na mtoto wa Kiislamu wakati wake ni wa Kurani. Twawajibu kwamba Imamu Ghazali, ambaye hapana awezaye kumtuhumu kuwa alipenda upuuzi, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri apumzike na taabu ya kusoma, kwani kumzuia mchezo na kumbana na masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake, hata mwisho atafute hila ya kuyakimbia masomo kabisa. Na akasema kwamba mtoto azoezwe, katika sehemu ya mchana, kutembea na harakati na mazoezi ili uvivu usimshinde. Na amepokea Imamu An-Nasai hadithi ambayo ndani yake Mtume s.a.w. ameyatoa mambo manne katika hesabu ya upuuzi: mtu kwenda baina ya shabaha mbili, na kumfunza farasi wake, na kucheza na ahli zake, na kujifunza kuogelea. Basi mwalimu wa chuo anayemrudi mtoto kwa kuwa amecheza baada ya darasa anadhani anailinda Kurani, na hakika yake anamfundisha mtoto kuichukia.

Kundi la pili hoja yao ni nzito zaidi, na sisi twaiheshimu. Wao husema: Nyinyi wenyewe ndio mliotukataza kujifakhirisha kwa nasaba. Mlituambia kwamba mtu ambaye amali zake zimemchelewesha, nasaba yake haitamharakisha. Leo vipi mwatuamuru kuwaambia watoto "sisi nyumba fulani"? Hamuoni kwamba mwaurejesha mlango wa uungwana na utumwa, wa huyu ni mtu wa asili na huyu ni wa kuja, mambo ambayo yamewagawa Waislamu wa pwani tangu zama za mababu?

Jawabu ni kwamba iko tafauti kubwa baina ya jina la damu na jina la kitendo. Anayesema "sisi ni watukufu kwa kuwa tumezaliwa na fulani," huyo amekaa kitako na anakula mali ya marehemu. Anayesema "sisi ni watu wa kwenda sala ya Alfajiri kwa miguu," huyo amejitwika deni, na lazima alilipe kesho alfajiri. Jina la damu hufunga mlango. Jina la kitendo huufungua, kwani yatima aliyelelewa katika nyumba ile, na mke aliyeolewa kutoka kabila jingine, na jirani anayepita, wote waweza kuingia ndani yake kwa kufanya tu.

Na ile hadithi ya watu wa Aslam haikuishia pale tulipoishia. Mtume s.a.w. alisema kwamba yeye yuko pamoja na upande mmoja wa washindani. Papo hapo upande wa pili wakaacha kutupa. Alipowauliza sababu, wakasema: tutatupaje na hali wewe uko pamoja nao? Ndipo akawaambia watupe, na yeye yuko pamoja nao wote. Subhanallah! Tazameni jinsi mkono wa mtu unavyolegea akihisi kwamba jina limemwacha nje, na jinsi unavyorejea nguvu akiingizwa ndani. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Humsifu mtoto mmoja mwepesi wa mbio, wakamwita "huyu ndiye damu yetu," na ndugu yake mnene, au mwenye pumu, au mwenye mguu dhaifu, akaachwa kibarazani akitazama. Huyo aliyeachwa ataweka upinde chini, na pengine hatauokota tena maisha yake.

Na jambo hili wataalamu wa elimu ya nafsi wamelikuta pia. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba watoto wa miaka 3 mpaka 6 walioitwa wawe wasaidizi walisaidia zaidi kuliko walioambiwa wasaidie tu. Yaani jina lilikuwa na nguvu kuliko amri. Lakini miaka michache baadaye wataalamu wengine wakaonya kwamba mtoto aliyepewa jina kisha akashindwa katika jambo lile, huvunjika moyo zaidi kuliko aliyeambiwa kitendo tu. Basi jina ni kama kisu cha jikoni, lina manufaa na lina hatari. Na kinga yake ni ile ile ya Mtume s.a.w., kumjulisha kila mtoto, aliyeshinda na aliyeshindwa, kwamba "mimi niko pamoja nanyi nyote."

Tukiyajua hayo, na tuulize: Je, sisi watu wa Kisumu tuna wazee wa kuwaita watoto wetu kwa majina yao? Wallahi tunao. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwani Desemba 1901, na pamoja nayo walikuja Waswahili wengi wakakaa mjini hapa. Wengine walikuwa wametangulia na misafara, wakitembea kutoka pwani mpaka Mumias kwa Nabongo Mumia, mzigo kichwani. Wanubi wetu wa Kibos ni wajukuu wa askari waliovuka nchi kwa miguu kutoka Sudan. Ndugu zetu Wasomali ni wana wa wafugaji waliofuata ngamia na maji. Ndugu zetu Waislamu wa Kijaluo, wa Kendu Bay na Homa Bay, ni wana wa wavuvi waliovuta nyavu na kupiga makasia usiku kucha. Hapana nyumba moja katika hizo iliyojengwa na watu wa kukaa.

Wala mtu asione haya kumwambia mwanawe kwamba babu yake alikuwa mpagazi au kibarua wa reli. Twajua kwamba pwani wako wanaoficha hayo, wakataka kila babu awe mwenye shamba au mwenye chombo. Na wako waonao kwamba mtu mzima kwenda mbio, au kubeba mzigo wake, kwamvunjia heshima. Mtume s.a.w. alikuwa akienda kwa nguvu kama mtu anayeteremka mlimani, kama alivyomsifu Sayyidna Ali r.a. Je, heshima yetu imeipita yake? Mpagazi aliyebeba ratili sitini kutoka pwani mpaka Ziwani ana haki ya kutajwa na wajukuu zake kwa fakhari kuliko tajiri aliyebebwa.

Na hapa lazima tuseme juu ya maji, kwani hili si jambo la siha tu, ni jambo la roho za watu. Ziwa liko mbele ya milango yetu, upana wake kilomita za mraba 68,800, na wengi katika watoto wetu hawajui kuogelea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu kiasi cha 300,000 walikufa maji duniani, na walio wengi kabisa katika hao ni wa nchi zisizo na mali kama zetu. Na sisi wakaao Ziwani hatuhitaji hesabu hiyo. Tumekwisha kuoshwa maiti za watoto msikitini tukaziswalia. Imenasibishwa kwa Sayyidna Umar r.a. kwamba aliwahimiza watu wawafunze watoto wao kuogelea. Ni aibu ilioje, mjukuu wa nahodha wa Lamu kufa maji penye kina cha kumfika kidevuni, kwa sababu mama yake alikuwa akimwambia, "Sisi si watu wa majini"! Mtoto anayekatazwa maji haachi kuyaendea. Huenda kwa siri, peke yake au na wenzake wasiojua, na hapo ndipo hufa.

Lakini hatusemi mtoto atupwe Ziwani. Ndugu zetu wa pwani wakija huku wakumbuke kwamba maji matamu hayamwinui mtu kama maji ya chumvi, na mwogeleaji wa Mombasa huchoka upesi Kisumu. Maji yaliyotulia penye majani ukingoni yana konokono wa kichocho, na mdudu wake huingia katika ngozi. Viboko wako, na upepo wa jioni hugeuka ghafula. Basi mtoto afunzwe na mtu ajuaye, mahali pajulikanapo, na mtu mzima akiwa karibu hatua chache. Na penye birika la kuogelea la shule au la hoteli, wazazi wachange walikodi saa moja kwa juma. Gharama yake ni ndogo kuliko ya arusi moja.

Na mabinti? Tusiwasahau, maana katika ile hesabu tuliyoitaja wao ndio walio nyuma zaidi. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha r.a. safarini, naye akamshinda. Kisha baada ya muda, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume s.a.w. akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Mama wa Waumini alikwenda mbio, naye ni mwalimu wa wanazuoni. Basi sitara na ihifadhiwe, nguo ziwe za heshima, mahali pawe pa faragha na walimu wawe wanawake. Hayo yote ni wajibu wetu sisi wazazi kuyatengeneza, wala si udhuru wa kumfungia binti ndani mpaka aolewe. Mtoto wa kike anayeambiwa kwamba nyumba yao ni ya watu wa nguvu, kisha akaambiwa kwamba yeye peke yake hayumo, amefanyiwa lile ambalo Mtume s.a.w. hakuwafanyia watu wa Aslam.

Basi tufanyeje? Twasema mambo matano, tena mepesi.

Kwanza, baba na mama wakae pamoja wachague kitendo kimoja kinachoweza kufanywa na nyumba nzima. Kiwe kwenda msikitini kwa miguu, au kulima kitalu cha mboga, au kutembea kila Jumamosi alasiri mpaka Dunga kuwatazama wavuvi wakirudi. Kimoja kinachodumu ni bora kuliko kumi za siku tatu, na amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa ijapokuwa ni chache.

Pili, wakipe jina, walitamke mbele ya watoto bila ya haya: "Sisi katika nyumba hii ni watu wa kutembea." Waseme "sisi," wala wasiseme "wewe." Amri huanza na wewe, na jamaa huanza na sisi.

Tatu, wazee watangulie. Baba asipotoka jasho, jina litakuwa uongo, na watoto hutambua uongo upesi kuliko mahakimu.

Nne, babu na bibi waulizwe khabari za zamani wangali hai: walisafirije, walibeba nini, walivua wapi, walicheza nini. Khabari hizo zisimuliwe njiani wakati wa kutembea, kwani hapo huingia moyoni pamoja na pumzi.

Tano, asiachwe mtu. Mdogo abebwe, mgonjwa angojewe, mwenye kiti cha magurudumu asukumwe na nduguze kwa zamu. Mwendo wa nyumba ni mwendo wa aliye dhaifu wao. Anayetaka kushindana na ashindane siku nyingine, lakini siku ya nyumba wote hufika pamoja.

Ndugu zetu, Mtume s.a.w. ametujulisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na katika kila mmoja wao iko kheri. Sisi tutaondoka, na majumba yetu yatauzwa au yatabomolewa, kama tulivyoona yakibomolewa ya waliotutangulia. Kitakachobaki kwa watoto ni neno waliloshika juu ya nyumba yao. Yuko atakayeshika kwamba "sisi tulikuwa watu wa kukaa na kusengenya," na yuko atakayemwambia mwanawe, miaka arubaini baadaye, katika mji tusioujua, "Amka, twende kwa miguu. Nyumba yetu ndiyo desturi yake." Kila mzazi na ajichagulie leo, maana neno hilo watoto wake wanaliandika sasa, kila jioni, wakimtazama amekaa au amesimama.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aipe afya miili ya watoto wetu, na aithibitishe nyoyo zao katika dini, na awalinde na maji na maradhi, na ajaalie nguvu zao ziwe katika twaa yake na katika kuwasaidia viumbe vyake. Na atujaalie sisi wazazi kuwa watangulizi wao katika kheri, tusiwe kizuizi njiani mwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.